Shikamoo Nyuma ya Matairi

Nianze kwa kukiri: mimi ni mwoga. Mende akiingia jikoni, mimi natoka. Chupa ya soda ikifunguliwa karibu yangu nashtuka mpaka wenzangu kazini wanaangua kicheko. Katika miaka yangu yote ishirini na sita sijawahi kushika hata manati. Kwa hiyo mtu angeniambia kwamba Jumamosi ile ningesimama kwenye mikorosho ya Chanika, nimevaa ovaroli ya mabakamabaka, bunduki mkononi, ningemshauri akapime malaria kwanza.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya rangi. Mnagawanyika makundi mawili, mnawindana nyuma ya matairi na magunia ya mchanga, na risasi zake ni vigololi laini vilivyojaa rangi. Kikikupasukia mwilini, umekufa. Unanyoosha mkono, unatoka nje ya wavu wa uwanja, unakunywa maji na kucheka. Wanaokuja ni watu wa maofisini wanaotaka kupumzisha akili. Mwinshehe wangu ndiye mwamuzi wa uwanja huo, na ndiye anayewafundisha wanaoanza. Ana mshahara wake, halewi, hana makundi mabaya. Lakini nenda wewe ukamweleze Baba.

"Anafanya kazi gani huyo?" Baba aliniuliza siku aliyosikia jina la Mwinshehe kwa mara ya kwanza.

"Anachezesha mchezo wa kupigana rangi, Baba."

"Watu wanajificha?"

"Wanajificha."

"Wanatafutana?"

"Wanatafutana, Baba."

"Ukionwa unatoka?"

"Ukipigwa, Baba. Lakini ndiyo, unatoka."

"Kombolela hiyo," alisema. "Jibaba zima lina ndevu, linachezesha kombolela, halafu linataka binti yangu."

Namwita Baba, ingawa ni kaka wa marehemu baba yangu. Mzee Abdulrahman alinichukua nikiwa na miaka sita, akanilea nyumbani kwake Mtoni, akanisomesha kwa mshahara wa kuendesha winchi bandarini. Hajawahi kunipiga hata kofi. Hahitaji. Akikohoa tu sebuleni, wajukuu wote wanajua wapi pa kukaa. Nampenda kuliko mtu yeyote aliye hai, na namwogopa hivyo hivyo.

Sasa kulikuwa na barua ya posa mezani kwake. Si ya Mwinshehe. Ilikuwa ya Suhaib, mfanyabiashara wa vigae wa hapo hapo Mtoni, mtu wa suti na sala. Wazee wake wangekuja Jumapili saa kumi jioni kuchukua jibu. Baba hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alimwambia tu dada yake, shangazi yangu Mwamvita, aliyekuwa akinitetea usiku na mchana:

"Mwambie huyo wa kombolela asiniletee karatasi yoyote. Jumamosi nitakwenda mwenyewe nikaione hiyo kazi kwa macho yangu. Nikiridhika, tutazungumza. Nisiporidhika, Jumapili wenye barua watapata jibu lao, na sitaki kuona mtu analia ndani ya nyumba yangu."

Kwa macho yangu, alisema. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza, maana Baba hana macho. Ana jicho. La kushoto lina mtoto wa jicho miaka miwili sasa, limekuwa jeupe kama maziwa ya unga, na mara tatu ameahirisha kwenda kufanyiwa upasuaji. Anaonea la kulia tu. Ndani ya nyumba tunajua, nje hakuna anayejua, na Baba ameshatuonya: siku mtu wa nje akimpa pole ya jicho, atajua ni nani katoa siri.

Mwinshehe hakujua. Mimi nilijua, na nilinyamaza.

* * *

Siku hiyo nilitoka kazini Ubungo, duka la dawa, saa sita mchana. Baba na Shangazi walitangulia tangu asubuhi. Niliposhuka kwenye bodaboda pale getini, Shangazi alikuwa peke yake bandani, amekumbatia chupa ya chai kama mtu aliyemletea mgonjwa.

"Shikamoo Shangazi. Baba yuko wapi?"

"Marahaba. Baba yako kaingia vitani," alisema, akanyoosha kidole ng'ambo ya wavu. "Kijana kamwambia, mzee, watazamaji wanakaa bandani. Akamjibu, mimi sikutoka Mtoni kuja kuhadithiwa. Kavaa, kafundishwa, kapewa kitambaa cha buluu. Miaka sitini na nane! Wallahi nimemwambia Abdulrahman, wewe si mzima."

"Na jicho lake?"

"Shii!" Shangazi alitazama pembeni. "Ukitaka kuzikwa leo, liseme."

Ng'ambo kule niliona watu wa buluu wanajipanga nyuma ya ukuta wa magunia, lakini wote walikuwa wamefunika nyuso, sikuweza kumtambua wangu. Mwinshehe akatokea na ovaroli mkononi. Alikuwa na kizibao cha rangi ya chungwa na filimbi shingoni. Siku nyingine huwa nikimwona moyo unatulia. Siku hiyo ulizidi kukimbia.

"Umechelewa," alisema. "Vaa hii juu ya nguo zako. Timu nyekundu wamepungukiwa mtu mmoja."

"Mie? Nani kasema mie nacheza?"

"Baba yako. Kasema kama kazi yangu ni salama hivyo ninavyojisifu, basi na binti yake aingie. Tena awe upande mwingine, amwone anavyokimbizwa."

"Mwinshehe, sitaki. Naogopa."

"Hata mie naogopa." Akanionyesha mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, ile mikono ninayoijua imetulia. "Unadhani hii ni njaa? Tangu saa nne baba yako hajacheka hata mara moja. Namwita mzee, ananitazama upande upande. Nimemkosea nini?"

Alikuwa akimtazama kwa jicho zima, maskini. Nikafungua mdomo nimwambie. Kisha nikamwona Baba akilini, sebuleni, akiniuliza nani katoa siri yake. Nikaufunga.

Nilivaa ovaroli juu ya gauni, nikachomeka mtandio wangu wa kijani ndani ya kola. Mwinshehe akanipa bunduki. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, juu ina kikopo cha risasi, chini mtungi mdogo wa hewa. Akanifundisha kusimama, goti limekunjwa, mwili mbele kidogo. Akanifundisha kupiga moja moja nisimwage zote kwa woga. Mdomo wa bunduki, chini mpaka filimbi ilie. Ukimkuta mtu karibu kabisa, hatua tatu nne, humpigi, maana inauma. Unamwambia "jisalimishe", naye ananyoosha mkono.

"Sasa hii," alisema, akainua barakoa. Si ile ya korona. Hii inafunika uso mzima mpaka masikioni, machoni ina kioo kinene. "Sheria ya kwanza uwanjani?"

"Sijui."

"Huvui barakoa. Ya pili?"

"Sivui barakoa."

"Ya tatu?"

"Mwinshehe, mie mwoga, si mjinga."

"Sikufanyii mzaha, Rukaiya." Alikuwa amenikaribia, anakaza mkanda kisogoni kwangu, anajitahidi vidole visiniguse shingo kwa sababu Shangazi alikuwa anatukodolea macho. Nilisikia pumzi yake. Nikatamani dunia yote isimame pale pale bandani na Jumapili isifike. "Kioo kikipata ukungu, huvui. Jasho likikuingia machoni, huvui. Nyoka akipita, huvui. Unanyoosha mkono unaniita, nakuja nakutoa nje ya wavu, huko ndiko unakovua. Hiki kigololi kwenye paja kinaacha alama ya wiki moja. Kwenye jicho ni maisha. Umenisikia?"

"Baba naye umemwambia hivyo?"

"Mara tano. Kanijibu, kijana, mimi nimeendesha winchi miaka thelathini, nafahamu maana ya sheria."

"Kesho saa kumi wanakuja, Mwinshehe."

"Najua."

"Baba akitoka hapa amechukia, ndiyo basi tena. Mie siwezi kumkatalia. Unanijua."

Alinitazama kupitia kile kioo. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani hakuwa amelala.

"Najua," alisema tena, taratibu. "Ndiyo maana leo sitaki kitu chochote kiharibike. Kaa nyuma ya matairi, usijitie ushujaa, dakika kumi zitakwisha. Sawa mama?"

Alipoondoka nilimwita. Aligeuka. Jicho la Baba lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu.

"Nini?"

"Hakuna. Nenda."

* * *

Filimbi ililia, na hapo hapo nilisahau kila nilichofundishwa.

Sauti yake si kama bunduki ya kweli, ni pa-pa-pa kama mahindi kikaangoni, lakini ikipita karibu na sikio unainama bila kuambiwa. Nilijitupa nyuma ya tairi la lori. Rangi ya buluu ikapasuka juu yangu, matone yakanirukia kwenye kioo. Nikapiga kelele ambazo Shangazi anadai alizisikia bandani, na kwa mujibu wake nilikuwa naita jina la mama yangu.

"We sista, piga!" Jamaa mmoja mkubwa wa timu yetu alinikemea. Aliitwa Praygod, dereva wa kampuni iliyokuja kucheza siku hiyo, na alikuwa anapiga kila kinachotikisika, yakiwemo majani. "Piga, wanakuja!"

Nikafumba macho nikapiga. Risasi yangu ya kwanza maishani iliua mkorosho.

Nilitaka mahali pasipo na kelele, basi. Nikaanza kutambaa, magoti yananiuma, pumzi inagonga ndani ya barakoa na kunirudia usoni ikiwa ya moto. Nilipita gunia moja, nikapita la pili, nikafika kwenye rundo la matairi pembeni kabisa, karibu na wavu. Pale palikuwa kimya. Nikashukuru Mungu, nikainuka taratibu.

Upande wa pili wa rundo naye mtu aliinuka.

Tulikuwa hatua tatu, pengine hazikufika. Mrefu, bega moja limeshuka, kitambaa cha buluu mkononi, mdomo wa bunduki unanitazama kifuani. Nilitaka kusema jisalimishe. Yule mtu akakohoa.

Kikohozi hicho nakijua tangu nina miaka sita.

Alikuwa Baba. Na mimi tangu kuche sikuwa nimemwamkia.

Ili mnielewe, lazima mjue Baba na salamu. Kaka yangu Mwinyi aliwahi kumsalimia akiwa juu ya pikipiki, helmeti kichwani. Baba hakujibu. Alikaa kimya barazani mpaka Mwinyi akashuka, akavua helmeti, akarudi getini na kuanza upya kama ndiyo kwanza anafika. "Siamkiwi na kopo mimi," Baba alimwambia. "Mwenye kunisalimia, nimwone uso." Tangu siku hiyo kwetu hakuna mtu aliyemwamkia Baba amefunika kitu. Mimi ndiyo kabisa, kwetu sisi wasichana ilikuwa ni pamoja na kukunja goti.

Mikono yangu haikuniuliza. Bunduki ilishuka chini yenyewe. Vidole vikashika barakoa, vikaisukuma juu mpaka kwenye paji la uso, hewa ya baridi ikanipiga mashavuni, goti likakunjika.

"Shikamoo Baba."

Na yeye, mtu wa sheria, mtu wa winchi miaka thelathini, mtu aliyeambiwa mara tano! Alisikia shikamoo ya mwanawe, na kujibu akiwa amefunika uso hakuweza. Aliivua barakoa yote, akaishika mkononi kama mtu aliyevua kofia mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Kumbe wewe? Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi Baba. Umeshindaje?"

"Salama tu. Umekula lakini?"

Naapa tuliulizana habari za chakula katikati ya vita. Nilikuwa karibu kumjibu kwamba bado niliposikia filimbi, mara moja, mara mbili, halafu mfululizo, na sauti ya Mwinshehe ikipasuka kutoka katikati ya uwanja:

"Barakoa! Acha kupiga! Acheni! Barakoaaa!"

Niligeuka. Praygod alikuwa nyuma yangu, amepiga goti, na alichokuwa anaona ni kitambaa cha buluu tu. Filimbi hakuisikia. Mwinshehe alikuwa anakuja mbio upande wa Baba, mikono ameitanua. Alimfikia Baba. Nilimwona kwa macho yangu akimfikia. Akampita.

Kilichonipiga kilikuwa kifua chake. Tulianguka wote nyuma ya matairi, mgongo wangu ukagonga chini, viganja vyake vikanifunika macho yote mawili, na uzito wake wote ukawa juu yangu. Nilisikia risasi zikimpasukia mgongoni, pa, pa, pa. Kisha nikasikia sauti moja tu kutoka kwa Baba.

"Ya Allah!"



* * *

Nilipomsukuma Mwinshehe na kuinuka, Baba alikuwa amekaa chini, kichwa ameinamisha, mkono ameubana kwenye jicho la kulia. Katikati ya vidole ulikuwa unatoka wekundu, unashuka kwenye kifundo cha mkono na kuingia ndani ya shati.

Rangi yetu ilikuwa nyekundu. Nilijua. Nilijiambia, ni rangi hiyo, Rukaiya, ni rangi. Lakini kule kujua hakukunisaidia hata kidogo, maana ilikuwa inatoka taratibu kama damu inavyotoka.

"Baba!"

"Usinishike."

Shangazi alikuwa ameshapita kwenye wavu, kanga imemvuka, anakimbia huku analia. "Jicho lake! Jamani jicho lake hilo hilo!"

"Hilo hilo vipi?" Mwinshehe aliuliza. Akanigeukia. "Rukaiya, hilo hilo vipi?"

"La kushoto halioni," nilisema. "Analo hilo moja tu."

Nimewahi kuona watu wakipokea habari za msiba. Sijawahi kuona uso ukikauka kama ulivyokauka wa Mwinshehe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Ningempa kazi ya kushika filimbi! Ningemkalisha pale bandani hata kwa kumbembeleza! Rukaiya!"

"Niliogopa, Mwinshehe!"

Praygod alikuwa amesimama pembeni, bunduki ameitupa, anasema samahani mzee, samahani mzee, kama anayehesabu tasbihi. Wale wengine walituzunguka. Mwinshehe alipiga magoti mbele ya Baba.

"Mzee, usilisugue. Nakuomba utoe mkono taratibu. Leteni maji ya chupa, masafi!"

Kumwagilia jicho maji najua, ni kazi inayonilisha, lakini mikono yangu haikufaa kitu siku hiyo. Mwinshehe alishika kichwa cha Baba, akamwaga maji polepole kuanzia puani kwenda nje. Wekundu ukatiririka, ukapauka. Juu ya nyusi tukaona mpasuko mdogo, damu ya kweli inatoka hapo. Jicho lenyewe lilikuwa limefumba, kope zimevimba kama andazi.

"Baba," nilimwambia, "fungua."

"Sifungui."

"Tuone tu, Baba."

"Nimesema sifungui." Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia tangu nizaliwe. "Nikifungua nikakuta giza, je? Niacheni. Niacheni nikae kidogo bila kujua."

Baba alikuwa anaogopa. Nilikaa chini kwenye udongo karibu naye nikalia bila sauti, kwa sababu mtu ninayemkimbilia nikiogopa ni yeye, na sasa hapakuwa na pa kukimbilia.

"Huyo kijana yuko wapi?" Baba aliuliza, jicho bado amefumba.

"Nipo mzee. Nipo hapa mbele yako."

"Nilikusikia unakuja. Ulikuja upande wangu."

"Ndiyo mzee."

"Kati yangu na huyu binti, nani alikuwa karibu nawe?"

"Wewe mzee."

"Mimi mgeni wako. Mimi mzee wa kukuzaa. Mimi ndiye mlezi wa huyu unayemtaka, na kesho mimi ndiye wa kusema ndiyo au hapana. Ukanipita."

Shangazi alimkonyeza Mwinshehe. Alimkonyeza kwa nguvu, macho yote mawili, na mimi nikamwomba kwa macho yangu yenye machozi: danganya. Sema uliteleza. Sema ulitaka kutuangusha wote wawili. Sema chochote, mpenzi wangu, ila usiseme kweli leo.

"Sikukuona, mzee," alisema.

"Na urefu wangu huu?"

"Nilimwona Rukaiya hana barakoa. Baada ya hapo sikuona kitu kingine. Nisikudanganye mzee wangu, najua ninachokipoteza. Hata angesimama pale mama yangu mzazi, ningempita."

Shangazi alijishika kichwa. Mimi nilifumba macho. Niliona sebule yetu Jumapili saa kumi, wazee wa Suhaib wamevaa kanzu, nami nikipita na sinia la kahawa, kichwa chini, kwenda kuwa mke wa mtu ambaye sikumbuki sauti yake. Niliona na jicho la Baba limezimika kwa sababu ya shikamoo yangu. Vyote viwili kwa siku moja, na vyote nimevifanya mimi.

Maji yalikuwa yanadondoka kidevuni. Kisha kope zikatikisika, zikajitenga kidogo, mstari mwembamba tu.



"Ukungu," alisema.

"Baba?"

"Ukungu mtupu." Akapepesa. Chozi lenye rangi likashuka. Akapepesa tena, uso wake ukatafuta, ukapita kwa Shangazi, ukapita kwa Praygod, ukasimama kwangu. "Mtandio wako umejaa udongo, mwanangu. Utadhani umetoka kulima mihogo."

Shangazi alipiga kigelegele. Katika maisha yangu sijasikia kigelegele kibaya na kitamu kama kile, nusu yake kilio. Praygod alikaa chini akafunika uso. Mwinshehe peke yake hakufurahi.

"Ni lazima daktari alione sasa hivi, mzee," alisema. "Pigo la jicho linaweza kuleta shida kesho wakati leo unaona. Na hilo la pili wataliangalia huko huko. Utanichukia baadaye, sasa hivi inuka twende."

Nikadhani Baba atamkemea. Hakuna anayemwamrisha Baba. Badala yake alinyoosha mkono, Mwinshehe akamwinua.

* * *

Praygod aliendesha gari la kampuni yao. Baba alikaa mbele, pamba juu ya nyusi, jicho limefunguka nusu. Nyuma tulikuwa Shangazi dirishani, mimi katikati, Mwinshehe upande wa pili, mgongo wake wote umepakwa nyekundu. Tulipita Pugu kuelekea hospitali. Nilikuwa bado naogopa. Jicho lilikuwa linaona, lakini lile jibu la Mwinshehe lilikuwa bado limekaa nasi ndani ya gari.

"Suhaib kaja kwangu mara tatu," Baba alianza ghafla, akiitazama barabara.

"Ndiyo Baba," nilijibu kwa woga.

"Kaniletea kanzu. Kaniletea udi. Kaniuliza presha yangu, kaniuliza winchi za zamani zilikuwaje, kanisifia nyumba." Akaigusa ile pamba. "Mara zote tatu wewe ulikuwepo ndani. Hakuuliza hata mara moja, Rukaiya hajambo."

Shangazi alinibana mkono mpaka kucha zikaingia.

"Mimi aliniona vizuri sana," Baba alisema. "Mwamvita."

"Abee kaka."

"Kesho wale wazee wapikie chakula kizuri. Wasiondoke na njaa, maana jibu langu halitawashibisha." Kisha, bila kugeuka: "Na wewe."

"Naam mzee," Mwinshehe alisema.

"Barua iwe kwangu kesho kabla ya adhuhuri. Itangulie. Mtu amelala juu ya binti yangu mchana kweupe mbele ya kampuni nzima, halafu hana barua! Nitauweka wapi uso wangu Mtoni?"

Mwinshehe akainama na kuweka paji la uso kwenye kiti cha Baba, mabega yakawa yanamcheza. Sikuwahi kumwona akilia. Niliutafuta mkono wake pale kitini nikaushika, mbele ya Shangazi, mbele ya Praygod, bila kufikiri, nikaubana kwa nguvu zangu zote.

Nilipoinua uso, nilikutana na Baba kwenye kioo cha dereva. Aliona. Nina hakika aliona, maana aligeuza kichwa taratibu, akatazama nje.